Sauti Ileile, Nyimbo Nyingine

Wako watu wasemao ya kwamba mwimbaji akiisha kupendwa kwa namna moja ya nyimbo, haifai aiache. Akiiacha amewatupa waliompenda. Mimi siyakubali maneno hayo, na sababu yangu ni France Gall, mwanamke wa Ufaransa, aliyezaliwa Paris mwaka 1947 akafariki mwaka 2018. Nimezisikiliza santuri zake, za usichana wake na za utu uzima wake, na sasa nataka kumweleza msomaji niliyoyaona ndani yake.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Isabelle. Baba yake, Robert Gall, alikuwa mtunzi wa maneno ya nyimbo. Babu yake mzaa mama, Paul Berthier, alikuwa mpiga kinanda wa kanisa kuu la Auxerre. Na mjomba wake, Jacques Berthier, ndiye aliyetunga nyingi za zile nyimbo fupi za Taizé ambazo Wakristo wa nchi nyingi huziimba. Basi binti huyu hakuokotwa njiani. Alilelewa katika muziki.

Mwaka 1965, akiwa na umri wa miaka 17, aliiimbia nchi ya Luxembourg katika mashindano ya Eurovision mjini Naples, akashinda. Wimbo wake ulitungwa na Serge Gainsbourg, nao ulihusu mwanasesere wa nta aimbaye habari za mapenzi asiyoyajua. Ukiusikiliza leo utaona ngoma na tarumbeta zinakwenda mbio, na sauti nyembamba ya msichana inazikimbilia kwa nyuma kama mtoto amfuataye baba yake sokoni. Ni wimbo wa kuchangamsha, sikatai. Walakini aliyeitwa mwanasesere katika wimbo ule ndiye yule yule aliyeuimba.

Mwaka uliofuata mtunzi huyo alimpa wimbo mwingine, wa msichana apendaye peremende za kijiti. Maneno yake yalikuwa na maana ya pili, ya aibu. Watu wazima waliitambua wakacheka. Yeye hakuitambua, akauimba kwa moyo mweupe. Alipokuja kuelezwa, aliona haya nyingi, naye hakuwasamehe upesi wale waliojua wakanyamaza. Wako wahakiki wausifuo wimbo huo hata leo kwa werevu wa mtunzi. Werevu upo; lakini werevu unaomfanya mwimbaji kuwa mtu pekee asiyejua asemalo, mimi siuhesabu kuwa sanaa njema.

Baada ya hapo sifa zake katika Ufaransa zilififia miaka kadhaa. Ndipo alipomsikia Michel Berger, kijana mtunzi na mpiga piano, akamwomba amtungie. Wimbo wao wa kwanza ulitoka mwaka 1974, na mwaka 1976 wakaoana. Tangu hapo muziki wake ukageuka. Tarumbeta zilipungua, piano ikashika nafasi ya mbele, na gitaa nene la besi likachukua mdundo kwa namna ya watu weusi wa Marekani. Sauti haikubadilika, bado ni nyembamba. Ila sasa imepewa nafasi. Hungoja kidogo nyuma ya mdundo, hushuka hata karibu na kusema, kisha hupanda inapotaka yenyewe.

Wengine husema mumewe ndiye aliyemtengeneza. Si kweli yote. Mwaka 1964, kabla ya ushindi ule wa Naples, alikuwa ameimba “Jazz à gogo,” maneno ya baba yake na muziki wa Alain Goraguer, na humo mtoto yule anachezea mdundo wa jazi bila hofu. Mbegu ilikuwako, waliokuwa na shamba ndio waliopanda kingine.

Matunda yalionekana mwaka 1987, katika santuri iitwayo “Babacar.” Humo mna wimbo wa kumheshimu Ella Fitzgerald, ulioshika nafasi ya kwanza hata katika Ujerumani ya Magharibi, ingawa maneno yake ni ya Kifaransa. Wimbo ulioipa santuri jina lake ulitokana na jambo lililompata nchini Senegal: mama mmoja maskini alitaka kumpa mtoto wake mchanga amchukue. Hakumchukua, lakini baadaye alimsaidia mama yule. Wimbo unamwita mtoto kwa jina lake, tena na tena, na kila akiitwa swali linakuwa zito zaidi. Nina neno moja juu yake: mama mwenyewe hasemi. Tunasikia dhamiri ya mgeni iliyochomwa, wala hatusikii kilichokuwa moyoni mwa aliyetaka kumtoa mwanawe. Hata hivyo naupenda, kwa sababu mwimbaji anajua kila neno atamkalo, na gharama yake.

Berger alikufa ghafula mwezi wa Agosti 1992. Mwaka 1993 mjane wake alisimama jukwaani katika ukumbi wa Bercy, Paris, akaimba nyimbo zao. Za mwanasesere aliziacha.

Msomaji akipata nafasi, na asikilize “Jazz à gogo” ya 1964 na ule wimbo wa Ella wa 1987 jioni moja, mmoja baada ya mwingine.