Herufi ya Mistari Miwili

Katika herufi zote nilizojaribu kujifunza nilipokuwa masomoni Japani, hakuna iliyonipa taabu kama ile iliyo rahisi kuliko zote. Ina mistari miwili tu: 人. Maana yake ni mtu. Watoto wa Kijapani hufundishwa herufi za kanji themanini katika mwaka wa kwanza wa shule, na hii ni mojawapo. Kuiandika nilijua kwa dakika moja. Kuielewa kulinichukua miaka, na katika safari hiyo nusura nigombane kabisa na kaka yangu.

Mwalimu wetu wa lugha alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye mwandiko wa kupendeza. Siku ya pili ya masomo alichora mstari mmoja mrefu ulioteremka kushoto, kisha mwingine mfupi ulioteremka kulia na kuugusa ule wa kwanza. Akatuambia: tazameni, hawa ni watu wawili wanaoegemeana, mmoja akiondoka, mwingine ataanguka, ndiyo maana wazee wetu waliandika hivi neno la mtu. Nilifurahi kupita kiasi. Hapo hapo nikakumbuka usemi wetu, mtu ni watu. Nikaona kwamba waliotangulia wa huko na waliotangulia wa kwetu, ambao hawakuonana kamwe, walikuwa wamesema jambo lile lile.

Furaha hiyo niliitumia vibaya. Ulikuwa mwaka 1994. Kaka yangu mkubwa alikuwa fundi cherehani mjini Tanga, na ni yeye aliyenilipia karo tangu baba alipofariki. Zamu ya mdogo wetu wa mwisho ilipofika, kaka alituma habari kwamba mwaka ule hana uwezo. Nami, msomi mpya wa kanji, nikamwandikia kurasa mbili za mawaidha. Nilimchorea ile herufi kwa wino mzito, nikamweleza kwamba hata Wajapani wanajua mtu hasimami bila kuegemezwa. Katika barua hiyo sikutaja posho niliyokuwa nikiipata kila mwezi.

Jibu lilikuja baada ya wiki nyingi. Lilikuwa fupi. "Mdogo wangu, herufi yako nimeiona. Nimeigeuza huku na huku. Mstari mmoja mrefu umelala, mwingine mfupi umeukinga usianguke. Niambie, wewe ni upi na mimi ni upi?"

Sikuwa na jibu. Ndipo nilipoanza kuichunguza ile hadithi kama mtu anavyochunguza hati ya deni ambayo ameitia sahihi bila kuisoma.

Jambo la kwanza ni umbo. Maandishi ya kale kabisa ya Kichina tuliyo nayo yalichongwa kwenye mifupa ya ng'ombe na magamba ya kobe, yapata miaka elfu tatu na mia mbili iliyopita, katika enzi ya Shang. Wataalamu waliyatambua mwaka 1899, na hivi sasa mtu yeyote anaweza kuona nakala zake vitabuni. Humo herufi ya mtu haina watu wawili wanaoegemeana. Ina mtu mmoja, amesimama ubavu, ameinama kidogo. Mstari mmoja ni kichwa na mkono ulioshuka. Mwingine ni mgongo na mguu. Mikono ya waandishi ikamnyoosha na kumrahisisha karne baada ya karne, hata akabaki mistari miwili mitupu, ndipo watu wa baadaye wakamdhania kuwa ni wawili.

Huenda msomaji akasema: pengine hao wa kale hawakuwa na njia ya kuchora watu wawili. Walikuwa nayo, tena waliitumia sana. Walipotaka kuonyesha watu wawili walichora watu wawili. Mmoja nyuma ya mwingine ikawa herufi ya kufuata, ambayo leo Wajapani huiandika 従. Wawili bega kwa bega ikawa 比, kulinganisha. Wawili waliopeana migongo ikawa 北, ambayo sasa ni kaskazini, lakini maana ya zamani haijafa: katika neno haiboku, yaani kushindwa vitani, herufi hiyo ingali imo, kwa kuwa aliyeshindwa huonyesha mgongo. Basi kama waandishi hao wangetaka kusema kwamba mtu ni wawili wanaoegemeana, kalamu isingewashinda.

Jambo la pili ni matumizi, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Herufi hii husomwa kwa namna tatu kuu: hito, jin na nin. Mjapani ni nihonjin. Watu watatu ni sannin. Lakini mtu mmoja si ichinin bali hitori, na watu wawili ni futari. Nilipoingia mkahawani peke yangu mara ya kwanza nikasema kwa sauti, "Ichinin!" Mhudumu alitabasamu, akanionyesha kidole kimoja, akasema taratibu, "Hitori." Hakuna hadithi ya kuegemeana ambayo ingenipa habari hiyo. Ilibidi niaibike kidogo.

Baadaye nikakuta kwamba ichinin nayo ipo, imejificha ndani ya neno ichininmae, 一人前. Kwenye mkahawa maana yake ni chakula cha kumtosha mtu mmoja. Mtaani maana yake ni mtu aliyekamilika, anayejitegemea, fundi aliyemaliza kufundwa na sasa anaweza kuachiwa kazi. Ambaye hajafika hapo huitwa hanninmae, chakula cha nusu mtu. Nililitafakari sana neno hilo. Kumbe ndani ya lugha ile ile, kwa herufi ile ile, mtu kamili husifiwa kwa kusimama mwenyewe!

Tena neno hito, katika mazungumzo ya kila siku, mara nyingi halimaanishi mtu tu, bali mtu mwingine, asiye mimi. Kitu cha hito ni mali ya mwenzio, usikiguse. Watoto huonywa mara kwa mara wasiwe usumbufu kwa hito. Nilisikia onyo hilo kwenye gari moshi, dukani, na nyumbani kwa wenyeji wangu. Watu niliokuwa nimewasifu kwa kuegemeana walikuwa wakiwafunza watoto wao wasimlemee mtu. Si kwamba hawasaidiani, wanasaidiana sana. Ila nilitambua kwamba herufi ya mistari miwili haiwezi kubeba maisha ya watu wazima wa taifa zima.

Je, hadithi hii ilitoka wapi? Sithubutu kusema nani aliianza. Ninachojua ni kwamba iliingia nyumba nyingi kwa njia ya televisheni, katika mchezo wa kuigiza wa mwalimu Kinpachi ulioanza kuonyeshwa mwaka 1979, ambamo mwalimu mwenye nywele ndefu huwafafanulia wanafunzi herufi hii ubaoni. Mchezo ulipendwa, na maelezo yakapendwa pamoja nao. Ni maelezo mazuri, na uzuri ndio uliowafanya watu wasiulize.

Sipendi kuwa mkali kupita haki. Hadithi za kukumbukia herufi zina faida. James Heisig, aliyetoa kitabu chake cha kukariri kanji mwaka 1977, aliwafundisha wageni wengi kwa visa vya kubuni, wala hakudai kuwa visa hivyo ni historia. Huo ni uungwana. Anayekupa fimbo ya kutembelea hasemi kwamba fimbo ni mguu wako. Kosa huanza pale kisa cha kukumbukia kinapogeuzwa ushahidi: kwa kuwa wazee walichora hivi, basi maisha yako hivi, na wewe fanya hivi. Hapo herufi imegeuzwa fatwa.

Wala kosa hilo si la wageni tu. Nami nilipokuwa nikiandika insha hii nilishawishika kusema kwamba kwetu kuegemea na kutegemea ni neno moja, na kujenga juu yake nyumba nzima ya falsafa. Yanafanana kwa sauti. Zaidi ya hapo sina ushahidi, basi naliacha. Ninaloweza kulisimamia ni kwamba mtu, watu na utu yana shina moja, na kila mzungumzaji wa Kiswahili analisikia hilo bila kufundishwa. Hata hivyo shina la neno halimlipi mtu karo. Na hao hao wahenga waliosema mtu ni watu walisema pia kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Niliponukuu la kwanza na kulificha la pili, sikuwa nikifundisha hekima; nilikuwa nikidai pesa.

Hapo ndipo ulipo ubaya halisi wa ile picha, hata kama ingekuwa ya kweli. Inawaonyesha wawili, lakini inaficha ni nani aliyelala na ni nani anayekinga. Anayeegemea huiona nzuri sana. Anayeegemewa huhesabu miaka. Kaka yangu, ambaye hakujua kanji hata moja, aliyaona hayo mara ya kwanza alipoitazama, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa ule mstari mfupi.

Sikumjibu kwa mawaidha. Nilikata sehemu ya posho nikaituma kwa ajili ya karo, nikaandika mistari mitatu ya kuomba radhi. Naye hakuandika tena juu ya jambo hilo.

Niliporudi nyumbani nilimkuta kibarazani kwake, palepale, mbele ya cherehani ile ile. Baada ya chai na habari za safari nilimchorea herufi ya kale, ile ya mifupa, kwa chaki yake ya kuchorea nguo, juu ya kipande cha kitambaa cheusi. Nikamwambia kwamba nilikosea, kwamba mle ndani tangu mwanzo alikuwamo mtu mmoja tu.

Aliitazama kwa muda. Akasema, "Huyu ameinama kama mtu aliye kwenye cherehani." Kisha akaifuta ile chaki kwa kiganja, kwa kuwa kitambaa kilikuwa cha mteja, akaniambia nishike ncha ya upande wa pili ili akate.