Florence Mills na Sauti Isiyohifadhiwa

Mhakiki wa mashairi analo shairi mbele yake, na mhakiki wa hadithi anacho kitabu. Mwenye kutaka kumhakiki Florence Mills hana kitu cha namna hiyo mkononi. Mwanamke huyu, ambaye baina ya mwaka 1921 na 1927 alikuwa mwenye sifa kubwa miongoni mwa waigizaji wanawake weusi wa michezo ya nyimbo na vichekesho katika New York na London, hakuacha santuri hata moja ijulikanayo yenye sauti yake. Alifariki tarehe 1 Novemba 1927, na sinema ndefu ya kwanza yenye kusikizisha maneno na nyimbo ilikuwa imeonyeshwa New York mwezi uliotangulia. Laiti angaliishi miaka miwili zaidi, pengine tungalikuwa na la kusikiliza. Tulicho nacho ni ushahidi wa waliomwona, na ushahidi huo wapaswa kupimwa kabla ya kuaminiwa.

Habari za maisha yake zaweza kusemwa kwa ufupi. Alizaliwa Washington tarehe 25 Januari 1896, mtoto wa wazazi waliozaliwa utumwani. Alianza kucheza mbele ya watu akiwa mtoto mdogo mno, na mwaka 1903 aliimba katika mchezo wa Sons of Ham, wimbo aliofunzwa na Aida Overton Walker, mwigizaji mkubwa wa kizazi kilichomtangulia. Baadaye aliimba pamoja na dada zake, kisha katika kundi la wanawake watatu mjini Chicago, kisha katika kundi la Tennessee Ten, ambamo alikuwamo mchezaji ngoma Ulysses Thompson aliyekuja kuwa mumewe. Haya yote ni miaka mingi ya kazi ngumu na mshahara mdogo. Nayataja kwa sababu magazeti ya mwaka 1921 yalimsifu kama mtu aliyezuka jana, hali alikuwa fundi aliyekwisha kutumika tangu utoto.

Mwaka huo 1921 ulifunguliwa New York mchezo wa Shuffle Along, kazi ya watu weusi wanne: Noble Sissle, Eubie Blake, Flournoy Miller na Aubrey Lyles. Florence Mills hakuwamo tangu mwanzo; aliingia kushika nafasi ya Gertrude Saunders aliyeondoka. Alipoimba, mji ulimjua. Ndipo Lew Leslie, mwenye kuandaa michezo, Mzungu, alipomchukua akamweka katika klabu yake iliyoitwa Plantation, yaani shamba kubwa la watumwa, na mapambo yake yalilifuata jina. Binti wa waliozaliwa utumwani akawa akipokewa kwa makofi katika nyumba iliyorembwa mfano wa shamba la utumwa, mbele ya walaji matajiri. Sidhani kuwa jambo hili lahitaji maelezo zaidi.

Hapa ndipo wahakiki wamegawanyika. Wako wasemao kuwa michezo aliyocheza kwa Leslie, Dixie to Broadway wa mwaka 1924 na Blackbirds wa mwaka 1926, iliwauzia Wazungu picha ile ile ya zamani ya mtu mweusi mwenye kucheka na kuyatamani mashamba ya Kusini; na kwamba maneno ya nyimbo zake yaliandikwa na Wazungu, basi yeye alikuwa chombo tu. Hoja hii si dhaifu, wala haipasi kupuuzwa kwa kuwa twampenda mwimbaji. Walakini yasahau jambo moja la hakika. Florenz Ziegfeld, ambaye maonyesho yake yalikuwa kilele cha fahari katika Broadway, alimtaka aingie katika Follies. Alikataa. Angalikubali, angalikuwa mtu mweusi peke yake, au karibu na peke yake, katika kundi la Wazungu, na jina lake lingalipanda juu likiwa jina la mtu mmoja. Alichagua mchezo ambao kundi zima lilikuwa la watu weusi, ili akipata yeye kazi wapate na wengine. Chombo hakichagui.

Natazama sasa wimbo uliomkaa kuliko nyimbo zote, I'm a Little Blackbird Looking for a Bluebird, wa mwaka 1924. Jina lake peke yake latosha kumshughulisha mtu wa lugha. Tukifasiri neno kwa neno tutapata «ndege mweusi mdogo atafutaye ndege wa buluu», na maana yote itakuwa imemwagika. Kwa Kiingereza blackbird ni jina la ndege wa aina maalumu. Lakini pia katika lugha ya mitaani ni jina alilopewa mtu mweusi, mara kwa dharau. Bluebird naye ni ndege halisi, ambaye vitabu na michezo vimemfanya alama ya furaha. Sisi hatuna ndege wa buluu wa namna hiyo. Mswahili akisikia ndege mweusi, atamdhania kunguru. Walakini tunacho kitu ambacho Kiingereza hakina: wazee husema ndege njema na ndege mbaya, na hapo upatanisho wa sarufi watujulisha kwamba haitajwi tena nyama yenye mbawa, bali bahati. Ndege mwema huruka. Ndege njema humjia mtu. Mfasiri aliye hodari angaliuandika wimbo huu kuwa ni wa ndege mwenye kuitafuta ndege njema, na kwa herufi chache za mwanzo wa neno angalisema yale ambayo watunzi wa Marekani waliyasema kwa rangi mbili.

Sasa maneno haya, yaliyotungwa na watu weupe kwa ajili ya soko, yalipotoka katika kinywa chake yalibadili mwenye kusema. Neno la dharau likawa katika nafsi ya kwanza. Katika picha mashuhuri amevaa suruali chakavu kama mtu wa njiani, na mzigo wa kitambaa umefungwa kwenye fimbo begani; si mwanamke wa mapambo anayeimba, ni msafiri asiye na kwao. Watazamaji wa London waliujaza ukumbi wa Pavilion tangu Septemba 1926, kwa maonyesho zaidi ya 200, na wengi wao yamkini walisikia uzuri tu. Watu wa Harlem walisikia na jambo jingine.

Narudi kwa mashahidi. Karibu wote humwita ndege. Kulinganisha huku ni sifa, lakini ni sifa ya uvivu: ndege haigizi, hajifunzi, hapimi pumzi. James Weldon Johnson, aliyeandika habari zake katika Black Manhattan mwaka 1930, alikuwa mwaminifu zaidi. Alipanga maneno mengi yasiyopatana, kisha akakiri kuwa hayatoshi. Jambo moja analosisitiza lastahili kushikwa: kwamba aliweza kwenda hadi ukingo wa upuuzi na hadi ukingo wa utovu wa haya, asivuke. Huko ni kutawala mchezo, nako hakumo katika koo la ndege.

Sisi tulipata bahati ambayo Harlem haikupata. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928, miezi michache tu baada ya mazishi ya Florence Mills, akaimba mbele ya chombo cha kunasa sauti. Kwa hiyo msomaji wa Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert aweza kukipima kitabu kwa santuri, na pale sifa zinapozidi aweza kusema zimezidi. Bill Egan, aliyeandika wasifu mkubwa wa Florence Mills mwaka 2004, hakuwa na mizani hiyo. Amekusanya habari za magazeti kwa bidii isiyo kifani, na thamani ya kitabu ni kubwa. Ila magazeti yakikubaliana wingi wake hudhaniwa kuwa ushahidi, kumbe mengine yalinakili mengine.

Mashahidi ninaowaamini zaidi hawakutumia maneno. Constant Lambert, kijana wa Kiingereza aliyemsikia London mwaka 1923, alitunga Elegiac Blues kwa kumbukumbu yake mwaka 1927. Duke Ellington alimtungia Black Beauty mwaka 1928. Na kabla ya hao, Januari 1926, aliimba Levee Land ya William Grant Still katika ukumbi wa Aeolian mjini New York, mbele ya watu waliozoea muziki mgumu wa kisasa. Kazi hiyo ilitungwa kwa ajili ya sauti yake. Mtunzi hamwandikii mwimbaji asichokiweza. Mwanafunzi wa muziki atakayepima kimo cha nota zile, na mahali palipoachwa pa kuvuta pumzi, atatuambia habari za koo la Florence Mills kuliko magazeti yote ya London.