Wanaouliza Kwa Nini

Usiku wa tarehe 16 Februari 2011, mabomu yalilipuka katika maghala ya jeshi Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Watu walikufa, watoto wakapotezana na wazazi wao. Wataalamu wa silaha wanaweza kueleza mlipuko. Lakini ni nani anayestahili kubebeshwa hatari kwa ajili ya usalama wa wote, na anawadai wote nini? Hapo ndipo kazi ya mwalimu wa falsafa ya maadili inapoanza.

Ni kazi isiyo na kelele. Anasahihisha rundo la insha na kuandika pembeni: "Umesema ni vibaya. Kwa nini?" Anamtaka mwanafunzi aitetee kwanza hoja ya mpinzani wake kwa nguvu zote, ndipo aipinge. Akikaa kwenye kamati ya maadili ya utafiti, anapitia fomu ya ridhaa mstari kwa mstari: je, mama aliyeishia darasa la saba ataelewa kwamba anaweza kukataa na bado akatibiwa?

Kila daktari anapotuomba ruhusa kabla ya kutugusa, tunavuna jasho la walimu hawa. Tunawadai heshima ya kusikilizwa? Hapana, wao ndio wanaotudai.