Burton, Speke na maji ya kuchemsha

Umeshaitazama Mountains of the Moon, ile filamu ya Bob Rafelson ya mwaka 1990? Roger Ebert, mhakiki wa gazeti la Chicago Sun-Times, aliisifu kwa utulivu wake: haitengenezi msisimko wa uongo. Hapo nakubaliana naye kabisa. Ila msisimko wa kweli nao ulikuwepo, na filamu imeelemea mno urafiki uliovunjika.

Rudi Kazeh, yaani Tabora yetu. Habari za ziwa kubwa la kaskazini walipewa hapo hapo na Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu. Agosti 1858 Speke akalifikia ziwa, akachemsha maji, akasoma kipimajoto. Ukiwa juu, maji huchemka kabla ya nyuzi 100. Pale ni kama 96. Akapata futi 3,740 hivi. Leo tunasema mita 1,134, karibu futi 3,720. Kwa kuchemsha maji tu, jamani! Lakini kule Tanganyika kipimo kilimdanganya kwa futi kama 700. Na maji hayapandi mlima, kwa hiyo ziwa lipi linalisha Nile lilikuwa swali la kipimajoto kile.