Risasi Ndani ya Mtutu: Uhakiki wa Istilahi za Utunzaji wa Bunduki ya Upepo

Miongoni mwa maandishi ambayo wafasiri huyadharau ni vile vijikaratasi vya maelekezo vinavyofungashwa pamoja na vifaa. Hakuna anayepata sifa kwa kuvifasiri, na aghalabu hupewa mtu aliye karibu na aliye na nafasi. Makala haya yanahakiki maneno ambayo Kiswahili kinayo, pamoja na yale ambayo mfasiri mwenye haraka huelekea kuyaokota, kwa ajili ya kazi moja ndogo: kusafisha mtutu wa bunduki ya upepo bila ya kuuharibia uhodari wake wa kupiga mahali pamoja. Nimeichagua kazi hii kwa kuwa kosa la istilahi hapa halimwachi msomaji ameduwaa tu. Humharibia kifaa, na katika neno moja, ambalo nitalifikia, laweza kumdhuru mtu.

Kwanza jambo lenyewe, maana haiwezekani kuhakiki majina ya vitu usivyovijua. Bunduki ya upepo haina baruti. Risasi husukumwa na hewa iliyobanwa, ama kwa springi na pistoni, ama iliyojazwa katika chupa maalumu. Kwa hiyo hakuna masizi ya baruti. Kinachobaki ndani ya mtutu ni utando mwembamba wa madini ya risasi pamoja na mabaki ya kilainisho. Utando huo ukiwa sawasawa hauna ubaya. Mtutu uliopanguswa mpaka ukang'aa kwa kawaida hutawanya risasi zake za kwanza, mara kumi au ishirini hivi, mpaka utando urejee. Chuma cha mitutu hii nacho si kigumu sana, na brashi ya waya au fimbo ya chuma huweza kukila. Ndiyo maana wazoefu hawasafishi kwa ratiba. Husafisha pale wanapoona matundu katika karatasi ya shabaha yameanza kuachana bila ya sababu nyingine, na hupitisha kitambaa laini kutoka nyuma kwenda mbele. Anayedhani kwamba huku ni kuchagua mno na akumbuke kuwa katika mashindano ya mita 10, yaliyoingizwa katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1984, risasi ina upana wa milimita 4.5, nayo alama ya kumi ni nukta yenye upana wa nusu milimita.

Sasa tuyaangalie maneno. Juu ya jina la bunduki yenyewe sina ugomvi mrefu. Wapo wanaotaka kuandika "bunduki ya hewa" kwa hoja kwamba upepo ni hewa inayovuma, nayo hewa ya ndani ya bunduki imetulia. Hoja hiyo ni ya sayansi ya darasani. Wasemaji wa Kiswahili hujaza tairi upepo, na mpira ukilegea husema umeisha upepo, na hakuna aliyewahi kupotea njia kwa ajili hiyo. Bunduki ya upepo ibaki ilivyo.

Penye utajiri, na kwa hiyo penye hatari, ni jina la ile sehemu inayosafishwa. Tuna mtutu, kasiba, mwanzi na bomba, yote yakitajwa kana kwamba ni kitu kimoja. "Bomba" lifaa kuachwa kabisa. Msomaji akiambiwa asafishe bomba, mkono wake unajua tayari la kufanya: atatafuta fimbo na kusukuma uchafu kwa nguvu, kama azibuavyo bomba la maji. "Mwanzi" ni neno zuri la kale, na inapendeza kuona kwamba kasiba, kwa asili yake ya Kiarabu, nayo ni utete. Walioipa bunduki majina kutoka pande mbili waliona umbo lile lile. Lakini leo mwanzi humpeleka msomaji porini. Nashauri tugawane kazi kati ya mawili yaliyobaki: mtutu uwe ni chuma chote, nje na ndani, na kasiba iwe ni lile tundu la ndani tu. Hapo tutaweza kusema "pangusa mtutu" tukimaanisha kufuta kutu na jasho la mikono kwa nje, na "pangusa kasiba" tukimaanisha kazi ile nyingine nyeti. Kuwa na maneno mawili yenye maana moja ni anasa ambayo istilahi haiwezi kuigharimia.

Ndani ya kasiba kuna michoro iliyokatwa kwa kujizungusha, ambayo huifanya risasi izunguke na kwenda moja kwa moja. Mfasiri asiye na jina la michoro hiyo ataandika "mikwaruzo" au "michubuko". Hebu tumfikirie mwenye bunduki anayesoma kwamba mtutu wake una mikwaruzo ndani: atafanya nini kama si kutafuta msasa? "Hesi" lina sura ya kufaa, kwa kuwa hesi za skrubu nazo hujizungusha, ila litamfanya mtu adhani kuna kitu cha kukazwa. Kiswahili kina "mfuo", na sioni sababu ya kwenda mbali zaidi. Sehemu zilizochimbwa ziitwe mifuo, na zile zilizoachwa zimeinuka baina yake ziitwe matuta. Kila aliyewahi kulima viazi ataelewa papo hapo, na ataelewa pia kwamba tuta likisawazishwa shamba halipo tena.

Ukingo wa mbele kabisa, pale risasi inapoachana na mtutu, katika lugha kadhaa za Ulaya huitwa kwa jina la taji. Kulifasiri kwa "taji" ni kumtwika msomaji pambo asilolihitaji. Ataligeuza bunduki huku na huko akitafuta kilichovikwa. Ni ukingo wa mdomo, basi. Umuhimu wake ni kwamba ukipata hata pengo dogo, hewa hutokea upande mmoja kabla ya mwingine, nayo risasi huyumba inapotoka. Na kinachotia pengo, mara nyingi, ni fimbo ya kusafishia iliyoingizwa kutokea mbele.

Hapa ndipo neno "mdeki" linapoleta taabu. Ni neno halali, kamusi zetu zimelihifadhi, nami nalipenda. Lakini mdeki ni fimbo ya gobore, na gobore halina mlango mwingine ila mdomo wake: baruti hutiwa mbele, risasi hutiwa mbele, na mdeki hushindilia kutoka mbele. Mfasiri akiandika "ingiza mdeki" ameandika pia, pasipo kujua, upande wa kuingilia na nguvu ya kutumia. Neno hubeba mwendo wa mkono pamoja na maana yake. Katika kazi hii kifaa kinachofaa zaidi wala si fimbo. Ni uzi mgumu wa nailoni unaopenyezwa kasibani, ukafungwa kitambaa upande wa nyuma, kisha ukavutwa mbele. Huo uitwe uzi wa kupangusia, na mdeki tuuachie gobore.

Kuhusu vitenzi, Kiswahili kinatupa zaidi ya tunavyotumia. "Safisha" hudai mwisho: kitu kiwe safi. Katika shughuli ambayo usafi kamili si lengo, kitenzi hicho kinamtuma msomaji aendelee mbele ya pale anapopaswa kukoma. "Sugua" na "kwangua" ni vibaya zaidi. "Pangusa" ndicho kitenzi chenye mkono mwepesi. Kichwa cha habari kinaweza kubaki na "kusafisha", maana ndilo neno ambalo mtu atalitafuta, lakini hatua zenyewe zisemwe kwa kupangusa.

Nafika sasa kwenye neno lililonifanya nishike kalamu. "Risasi" ni jina la madini mazito, laini, ya rangi ya kijivu. Ni jina pia la kile kinachotoka bundukini. Katika mazungumzo utata huo haumdhuru mtu. Lakini katika maelekezo haya madini na kitu kinachorushwa hukutana ndani ya tundu moja. Chukua sentensi hii ya mfano: "Ondoa risasi kabla ya kusafisha." Je, msomaji afungue bunduki na kuhakikisha ni tupu, au sentensi inazungumzia utando? Hapo kosa lingali dogo. Chukua ya pili, ambayo mfasiri mwaminifu anaweza kuiandika akitaka kusema kwamba utando si lazima uishe wote: "Usiondoe risasi yote mtutuni." Kwa sarufi haina dosari. Kwa masikio ya msomaji wa kawaida ni amri ya kusafisha bunduki iliyo na risasi ndani. Mtu atasema kwamba upatanisho unatosha kutofautisha, kwa kuwa madini huchukua "yote" na vitu vingi vinavyohesabika vingechukua "zote". Ni kweli, na mwanafunzi wa sarufi atafurahi. Lakini ni nani atakayekubali jicho la mtoto wake litundikwe kwenye konsonanti moja? Bunduki ya upepo si kitu cha kuchezea; imekwisha kutoboa watu macho na hata kuua.

Dawa ninayoipendekeza ni kuvitenganisha vitu hivi kwa ngeli. Madini yabaki risasi, na yakiwa kasibani yaitwe utando wa risasi. Kile kinachorushwa na bunduki ya upepo kiitwe kirisasi, wingi virisasi. "Toa kirisasi" na "punguza utando" haziwezi kuchanganywa na yeyote, hata akisoma chini ya mwanga wa kibatari. Najua watakaosema kwamba kiambishi hicho kinadunisha. Kinadunisha kwa haki: kitu chenyewe ni kidogo kuliko punje ya hindi. Najua pia watakaotaka "marisau", lakini hizo ni zile chembe zinazotoka nyingi kwa mpigo mmoja, na kuzivuta huku ni kuanzisha utata mpya.

Neno "mafuta" nalo litazamwe, ingawa kwa ufupi. Hufunika ya kupikia, ya taa, ya gari na ya kujipaka. Katika bunduki ya springi, mafuta yanayowaka yakifika mbele ya pistoni hewa inapobanwa kwa ghafula hupata joto na kuripuka, kama yafanyavyo katika injini ya dizeli. Pistoni na mpira wake huumia, na kirisasi hukimbia isivyotarajiwa. "Paka mafuta" pasipo kueleza ni yapi na wapi ni fasiri isiyofaa kutolewa.

Mwisho ni jina la kile tunachokilinda. "Shabaha" ni ya mtu: tunasema fulani ana shabaha. "Usahihi" huuliza kama kirisasi kimefika palipolengwa, na hilo hurekebishwa kwa vilengeo. Kinachopotea kwa kusafisha vibaya ni kingine: bunduki iliyokuwa ikipiga mahali pamoja, hata kama ni pembeni, sasa inapiga popote. Huo nauita uthabiti wa mtutu.

Kwa maneno haya maelekezo yanaweza kusomeka hivi: "Toa kirisasi, uhakikishe bunduki ni tupu. Virisasi vikianza kutawanyika, penyeza uzi wa kupangusia kasibani na uvute kitambaa kikavu kutoka nyuma kwenda mbele. Rudia kwa vitambaa vipya mpaka kitokacho kiwe na weusi kidogo tu. Usitumie brashi ya waya. Usiguse ukingo wa mdomo kwa chuma. Kisha piga virisasi kumi au zaidi kabla ya kuupima uthabiti."

Limebaki bila jina lile tundu la upande wa nyuma, ambamo kirisasi hutiwa. Nimeliita "nyuma" tu, na huenda inatosha. Kitako ni cha mbao na mkia ni wa mnyama. Ikiwa mafundi wa bunduki wana neno wanalolitumia karakanani, msomaji aliyelisikia na alete.