Draiva Inayokataa Mapema

Julai 2024, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilianzia mkoani Kigoma kazi ya kuboresha Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Kasulu na Kibondo, kama kwingine mkoani, mtu alipigwa picha, akachukuliwa alama za vidole, kadi ikachapwa. Tunasifu kamera na printa. Mimi nataka kuisifu draiva, ile programu ndogo inayovifanya vifaa vingi viishi kwenye kompyuta moja bila kunyang'anyana.

Tuchukue kompyuta ya kawaida yenye USB 2.0. Njia yake hupitisha megabiti 480 kwa sekunde, na ukichomeka habu unaongeza matundu tu, njia ni ile ile. Muda hukatwa vipande vya maikrosekunde 125. Kila kipande kina uwezo wa baiti 7,500, na kanuni inaruhusu asilimia 80 tu, yaani baiti 6,000, ziwekewe vifaa visivyoweza kusubiri, kama kamera na maikrofoni. Printa na flashi hazina ahadi yoyote, hupita palipobaki wazi. Ni haki hivyo: data ya printa ikichelewa bado inafaa, picha ya video ikichelewa imepitwa.

Utazameni ustadi wa uvcvideo, draiva ya kamera iliyoandikwa na Laurent Pinchart na kuingia katika kiini cha Linux mwaka 2008. Kamera ikikaa bure, haishikiliwi hata baiti moja. Programu ikitaka picha, draiva huiuliza kamera inahitaji kiasi gani, kisha hupitia viwango ambavyo kamera imevitangaza na kuchagua kidogo kabisa kinachotosha. Hesabu hukamilika kabla picha ya kwanza haijatoka. Pasipo na nafasi, jibu ni hapana, papo hapo. Kwangu huo ndio uungwana wa kazi: kutoahidi kisichokuwepo.

Tatizo ni kwamba zipo kamera zinazojitengea kupita kiasi. Picha ya 640 kwa 480 isiyobanwa, 30 kwa sekunde, inahitaji kama baiti 2,300 kwa kila kipande, lakini kamera inadai 3,072. Mbili zikidai hivyo, jumla ni 6,144, na ya pili inakataliwa ingawa kwa mahitaji ya kweli zingetosha zote. Waandishi wa draiva hiyo waliliona hilo. Wakaweka chaguo, quirks=128, linaloifanya draiva ipige hesabu yenyewe badala ya kuamini madai ya kamera, kwa picha zisizobanwa.

Basi fundi, kamera ya pili ikigoma na kompyuta ikakwambia hakuna nafasi kwenye kifaa, usianze kufuta mafaili ya mteja. Diski haina kosa. Jaribu chaguo hilo, punguza ukubwa wa picha, au hamishia kamera kwenye mlango wenye kidhibiti chake.