Bahari Iliyofika Kidugallo

Anayepanda treni ya TAZARA Dar es Salaam na kushuka Mzenga, kule Kisarawe inakokutana na Kibaha, amesafiri kurudi nyuma katika umri wa ardhi. Matabaka ya mwambao huu yameinama kuelekea baharini, kwa hiyo kadiri unavyokwenda magharibi ndivyo unavyokanyaga miamba mikongwe zaidi. Pugu kuna mawe ya mchanga na udongo mweupe wa kaolini. Mbele zaidi yanafuata mawe ya kipindi cha Kretasia, kisha ya Jura, kipindi kikongwe zaidi, na mwisho miamba migumu ya Uluguru ambayo haina kisukuku hata kimoja. Ukanda wa Jura ni mwembamba. Unapita Magindu na Kidugallo hadi karibu na Ngerengere, na kaskazini unaelekea Lugoba.

Katika ukanda huo, zaidi ya kilomita 100 magharibi ya Dar es Salaam, kuna bahari iliyogeuka jiwe. Chokaa cha Kidugallo kina umri wa takriban miaka milioni 170. Ukikivunja na kukitazama kwa lenzi ya mkononi, utaona sehemu zake nyingine zimejaa punje za mviringo ndogo kama ulezi, zimebanana. Punje za namna hiyo kwa kawaida hufanyika pale maji ya bahari yalipo ya uvuguvugu, yenye kina kifupi na yanayotikiswa na mawimbi kila mara. Kwa hiyo hata kabla hujaokota kisukuku, mwamba umekwishakuambia ni bahari ya namna gani. Visukuku vyenyewe ni amonaiti, jamaa wa kale wa pweza na ngisi aliyeishi ndani ya gamba lililojiviringa, pamoja na belemnaiti, matumbawe na makombe ya aina nyingi.

Kujua kwamba palikuwa na bahari ni rahisi. Kazi ngumu ni kujua bahari hiyo iliungana na ipi, na viumbe wake walienea kutoka wapi hadi wapi. Swali hili linastahili kupekuliwa, kwa sababu ramani tulizorithi zilichorwa na mikono mingi, na kila mkono uliacha alama yake.

Alama ya kwanza ni ya reli. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Morogoro mwaka 1907. Wajenzi walipokata miinuko ili kunyoosha njia, walifungua kuta za mwamba zilizokuwa zimefichwa na vichaka. Mwaka 1910 Edgar Dacqué akachapisha maelezo ya visukuku vya Jura vya Afrika Mashariki, na mwaka 1924 Edwin Hennig akatoa utafiti mzima kuhusu Jura ya kati katika bara la nyuma ya Dar es Salaam. Kidugallo, kituo kidogo cha treni, kikawa jina la mwamba katika vitabu vya jiolojia. Kaskazini hali ilikuwa hiyohiyo: amonaiti wa Mombasa walikusanywa na msafiri Hildebrandt na kuelezwa na Beyrich huko Berlin katika miaka ya 1870, na chokaa cha Jura cha Amboni kiko jirani kabisa na bandari ya Tanga. Ukiziweka nukta hizi kwenye ramani unaona bandari na reli kabla ya kuona bahari ya kale. Nafasi tupu kati ya nukta mbili haisemi kwamba kiumbe hakuwepo. Mara nyingi inasema tu kwamba hapakukatwa kilima.

Tendaguru, bara ya Lindi, haikufuata reli. Msafara wa Wajerumani ulichimba huko kuanzia 1909 hadi 1913, mifupa ikabebwa na wapagazi hadi bandarini, na msimamizi mkuu wa uchimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye jina lake leo limo katika jina la dinosaria mmoja, Australodocus bohetii. Watu wanaikumbuka Tendaguru kwa dinosaria. Mimi nadhani kwa somo letu kilicho muhimu zaidi ni matabaka ya bahari yaliyolala katikati ya matabaka ya mifupa, yenye makombe kwa wingi.

Kombe mmoja wa huko anatosha kuonyesha jinsi ramani inavyoweza kubadilika bila jiwe lolote kusogezwa. Ni wa jamii ya Trigonia, mwenye gamba nene lenye umbo linalokaribia pembetatu na mbavu nzito za nje. Wajerumani walipomwona walimfananisha na kombe wa Kachchh, magharibi ya India, aliyekwishapewa jina Trigonia smeei tangu 1840. Tabaka lake Tendaguru likaitwa kwa jina hilo. Hapo ramani ikasema: spishi moja, pande zote mbili za Bahari ya Hindi. Baadaye mbavu zilitazamwa upya, kombe wa Tendaguru akatengwa kuwa spishi yake mwenyewe, na leo anaitwa Indotrigonia africana. Ukihesabu kwa spishi, Lindi na Kachchh sasa hawashirikiani katika kombe huyu. Ukihesabu kwa jenasi, bado ni ndugu. Anayesoma jedwali la usambazaji bila kuuliza limehesabiwa kwa ngazi ipi anaweza kuona mpaka mahali pasipo na mpaka.

Hatari hii ilizidishwa na siasa. Visukuku vya Tanganyika vilipelekwa Berlin, vya Kenya na India vikapelekwa London, vya Madagaska Paris. Kila jumba la makumbusho lilikuwa na wataalamu wake na jarida lake, na mnyama yuleyule aliweza kupata jina jipya kila bendera ilipobadilika. Ndiyo maana kuweka magamba halisi mezani pamoja, ubavu kwa ubavu, ni sehemu ya kazi isiyoweza kurukwa.

Halafu kuna hesabu ya spishi ambazo maeneo mawili yanashirikiana. Tuchukulie mfano: eneo moja limetoa spishi 40, jingine 10, na spishi 8 zimo kote kuwili. Kwa kipimo cha Jaccard unagawa 8 kwa jumla ya spishi zote tofauti, yaani 42, unapata asilimia 19. Kwa kipimo cha Simpson unagawa 8 kwa orodha ndogo, yaani 10, unapata asilimia 80. Ni data zilezile, na mtu mmoja atasema bahari hizi zilitengana, mwingine atasema zilikuwa moja. Kwa nchi zetu, ambako orodha moja imetoka kwenye machimbo ya miaka mingi na nyingine kwenye mkato mmoja wa reli, naona kipimo cha Simpson kina haki zaidi, kwa sababu hakiliadhibu eneo kwa kuwa halijachunguzwa vya kutosha.

Lakini si kila kiumbe anafaa kuhesabiwa kwa uzito sawa, na hapa ndipo natofautiana na wanaoanza na amonaiti. Amonaiti ni saa bora kuliko zote: spishi zake zilidumu muda mfupi, kwa hiyo spishi ileile ikipatikana Kidugallo na Madagaska, tunajua matabaka hayo ni ya wakati mmoja. Bila saa hiyo hakuna ulinganisho. Ila kama shahidi wa mahali ana udhaifu. Gamba lake lilikuwa na vyumba vya hewa, na mwenyewe akifa liliweza kuelea. Jamaa yake aliye hai, nautilasi, anaishi mashariki ya Bahari ya Hindi na magharibi ya Pasifiki, lakini magamba yake matupu huokotwa hadi ufukweni mwa Afrika Mashariki. Mtu wa miaka milioni mia ijayo akikuta gamba hilo kwenye mwamba wa pwani yetu angeweza kuandika kwamba nautilasi waliishi hapa. Mchunguzi makini hutafuta dalili za kumkinga na kosa hilo: je, wamo wachanga pamoja na wakubwa, je, taya zimebaki karibu na gamba, je, chaza wadogo wameota pande zote mbili za gamba kana kwamba lilielea muda mrefu?

Kombe wa Trigonia hana udanganyifu huo. Aliishi amejifukia kwenye mchanga wa maji mafupi, gamba lake ni zito, na akifa hubaki palepale au husukumwa karibu. Mabuu wake tu ndio waliochukuliwa na mkondo. Jenasi yake ikionekana Lindi na Kachchh kwa pamoja, maelezo mepesi zaidi ni kwamba pwani hizo ziliunganishwa na maji mafupi.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Wakati wa Jura Madagaska ilikuwa imebanana na pwani ya Tanzania, Kenya na Somalia, na India ilikuwa bado imeshikamana na Madagaska. Ufa ulifunguka, bahari ikaingia, na Madagaska ikaanza kuteleza kuelekea kusini. Ushahidi huu haukutoka kwa makombe peke yao. Mwaka 1983 Rabinowitz na wenzake walichapisha vipimo vya usumaku wa sakafu ya bahari mbele ya Somalia na Kenya vilivyoonyesha mwendo huo wa kusini. Njia mbili zisizotegemeana zilifika mahali pamoja, na hiyo ndiyo sababu naamini jibu.

Kilichobaki ni kuziba nafasi tupu. Saidi Kapilima, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alirudi kwenye bara la nyuma ya Dar es Salaam na Bagamoyo na mwaka 1984 akachapisha utafiti wa matabaka na visukuku vya Jura na Kretasia vya eneo hilo. Tangu hapo reli ya kisasa imejengwa ikipita kati ya Ruvu na Ngerengere, sambamba na ile ya 1907. Kuta za mikato yake zinahitaji kupimwa tabaka kwa tabaka, makombe yakihesabiwa pamoja na amonaiti, kabla mvua na nyasi hazijazifunika.